Kilima Alichokipaka Mama

Rafiki yangu, ngoja nikuambie kwanza kilichonifanya nishike biki, maana hasira hii nisipoiandika nitaimalizia kwa watoto, na wao hawana kosa.

Nilipeleka foto ya marehemu mama yangu kwa kijana mmoja wa studio pale mjini. Si foto ya sura yake. Ni foto ya kilima chetu cha Kalemie, ziwa likiwa chini yake na reli inapita kati. Papa aliipiga miaka ya Zaire, nyeusi na nyeupe, na mama akaipaka rangi kwa mkono wake. Mvua ilipenya kwenye paa, kona moja ikavimba. Nikamwambia yule kijana anirekebishie kona, basi. Juzi nikarudi kuichukua, mdogo mgongoni, mkubwa nimemshika mkono. Akanionyesha kwenye kioo cha ordinateri, kompyuta yake, huku anacheka, kama mtu aliyeniletea zawadi.

"Mama, angalia. Sasa njo iko foto, ndiyo foto yenyewe."

Kilima chote kijani. Kijani kimoja toka chini mpaka juu, kama sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ziwa buluu kama beseni la plastiki. Nikamuuliza vile vidoa vya rangi alivyoweka mama viko wapi.

"Vile? Ilikuwa uchafu, Mama. Nilitoa rangi yote kwanza, nikairudisha nyeusi na nyeupe, halafu mashini ikapaka yenyewe. Mashini inajua rangi ya kila kitu."

"Na foto yenyewe, ile ya karatasi?"

Akaitoa kwenye droo. Alikuwa ameipangusa kwa pamba na maji ili mashini iisome vizuri. Ilikuwa ya kijivu, safi, kama uso wa maiti iliyooshwa.

Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la pili wakatoka nje. Kijana akasema, "Lakini Mama, ungenielezea mbele, kabla sijaanza!" Ningemwelezea nini, pale mlangoni, mtoto analia mgongoni? Nakuelezea wewe.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli, mahali ambapo harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa mchangani ilikuwa inaingia hata ndani ya mito ya kulalia. Treni ikipiga honi, vikombe vinagongana kwenye kabati, na mama anasema, "Karibu," kana kwamba ni mgeni. Papa alikuwa mpiga foto. Watu walikuja kupigwa sura zao kwa ajili ya vitambulisho, lakini kilichokuwa kinatulisha kweli ni kilima. Kalemie ile ilikuwa na watu wa kuhamishwa wengi: mwalimu, fundi wa reli, karani wa bandari, siku moja anaambiwa nenda kwingine. Kabla ya kupanda treni au meli, mtu alitaka kuondoka na Kalemie yake. Papa alikuwa na filamu moja nzuri sana, aliyoipiga akiwa ndani ya mtumbwi, huko ziwani, akitazama mji. Kila anayeondoka alichapiwa hiyo hiyo.

Na bado hakuna wawili walioondoka na foto zinazofanana. Hapo njo mama anaingia.

Mama hakugusa rangi kabla mwenye foto hajaja kukaa kwenye kibao chetu cha barazani. Anamwita kwa heshima, "Papa, uliishi wapi?" Mtu anazungusha kidole juu ya kilima cha kijivu, anapotea, anarudi, mwisho anakiweka mahali ambapo wewe ungeona nukta tu, kama kichwa cha sindano. "Hapa." "Paa lako la namna gani?" "Bati, lilishika kutu." Mama anaweka tone la kutu. Kama nyumba ilikuwa ya majani, anauliza mlango ulikuwa rangi gani, au mke wako alikuwa anaanika kitenge gani kwenye kamba. Niliona wanaume wenye masharubu wakijifuta macho kwa sababu ya tone moja la njano. Halafu wanajifanya moshi wa jiko umewaingia.

Usifikiri tulikuwa na rangi za maana. Zile za ng'ambo zilikwisha zamani, na miaka ile hata chumvi tulikuwa tunaitafuta. Ziwa alilipaka kwa buluu ya kufulia nguo. Udongo wa kilima, dawa nyekundu ya vidonda na chai iliyokolea. Njano ilikuwa manjano ya kupikia, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kigoma. Majani ni maji ya sombe mbichi, na mimi njo nilikuwa natwanga na kuchuja kwa kitambaa. Nilikuwa natafuna pia ncha za vijiti mpaka zilainike zifae kupakia rangi, kinywa kinakuwa kichungu hadi saa ya bugali. Kwanza anapitisha maji ya wanga wa muhogo juu ya foto ili rangi ishike, halafu anatufukuza wote. "Upepo na watoto, mutoke!" Aliyeshika foto na mikono yenye mafuta ya mawese alikula kofi, na hakuna aliyemtetea.

Sifa alipata papa. Nyuma ya kila foto kulikuwa na muhuri wake.

Lakini mama alikuwa na foto yake, ile niliyompelekea yule mjinga. Aliificha chini ya godoro, ndani ya gazeti. Kila tone aliloweka kwenye foto ya mtu, aliliweka na kwenye ya kwake. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Wataenda na nyumba zao wote, halafu mimi nibaki na kilima kitupu?"

Ilikuwa imejaa ile foto. Nyekundu, njano, kutu, nyeupe. Ukiisogeza mbali kidogo ungesema mtu amemwaga maharage ya kila aina juu ya kilima.

Jirani yetu alikuwa mama wa mandazi. Alizaliwa hapa hapa, hospitali moja na mimi. Wazazi wake ndio walitoka mkoa mwingine, waliletwa na kazi ya reli. Mandazi yake yalikuwa makubwa, yana iliki, na aliyeamka mapema akamsaidia kuchota maji alipata la kwanza, lile linalochoma vidole. Mume wake alikuwa amepaka bati zao kwa rangi iliyobaki ya mashua, buluu. Wavuvi walisema wakirudi asubuhi wanaliona paa lile kabla ya kuona kanisa.

Halafu ikaja ile miaka ya mwisho ya Zaire, watu ambao wazazi wao walitoka mkoa mwingine wakaanza kuambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Yule mama hakujua hata njia ya kwenda huko. Vijana wa mtaa wetu, hao hao aliowalisha, wakawa wanapita chini ya dirisha lake jioni.

"Mama Mandazi! Treni inakuita! Utakaangia njiani!"

Naye anatoa kichwa nje, kitambaa kimekaa upande. "Pita, pita! Hilo domo ni mandazi yangu njo yalilikuza!"

Tulicheka. Hata wao walicheka. Kesho yake waliokota mawe. Wewe hujui sauti ya jiwe juu ya bati ukiwa mtoto kwenye nyumba ya jirani. Unajua kila moja linaangukia wapi: jikoni, kwenye kitanda, juu ya watoto.

Asubuhi moja akaja kwetu amevaa kitenge cha misa. Akakaa kwenye kibao.

"Na mimi nimefuata foto yangu," akasema. "Najua unajua kwangu. Lakini uniulize, kama unavyouliza wengine."

Mama akaosha mikono, akakaa mbele yake. "Uliishi wapi, Mama?"

"Naishi. Treni ni keshokutwa, leo bado naishi." Akaweka kidole. "Hapa."

Papa alikuwa mlangoni. Alimngoja jirani aende zake, akamwambia mama, "Usiweke lile paa."

"Ni tone tu, Papa."

"Tone njo linachoma nyumba. Wakiliona watajua tuko upande gani. Paka majani hapo. Na ile ya dirishani pia, paka majani."

Dirishani, upande wa barabara, papa alikuwa anatundika foto moja ya kilima ili wapita njia waione, waagize. Mama hakubishana. Nilitwanga sombe siku ile mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Ile ya dirishani akaipaka majani pale paa lilipokuwa, majani mazuri, utafikiri hapajawahi kukaa mtu. Kisha papa alipotoka, akachukua ile ya jirani na ile ya chini ya godoro, akachovya kijiti kwenye buluu ya kufulia, akaweka. Mimi nilimshikia kikombe, macho yangu mlangoni.

Siku ya treni hatukwenda stesheni. Papa alikataza. Mama alimpitishia jirani foto kwenye uzio wa matete, imefungwa ndani ya leso. Yule mama akaifungua, akatafuta, akaona. Hakusema asante. Alisema, "Umenipaka vizuri," kisha akabeba karai lake la kukaangia kichwani, akaondoka na watoto wake. Mpaka leo sijasikia neno lolote juu yake. Karai nalo sijui kama lilifika.

Ndani ya juma lile bati zake zilikuwa zimeng'olewa. Vijana wakasimama mbele ya dirisha letu wakisifu foto: "Papa, hii sasa njo Kalemie, kilima safi!" Na kila aliyeagiza baada ya hapo alitaka kama ya dirishani. Ingia leo kwenye nyumba za wazee wa mji huu, utaiona ukutani, imefifia, majani yapo mahali pa lile paa. Wanakaa chini yake wanakunywa chai, wanasema zamani tulipendana. Nani alipendana na nani? Nikisikia hivyo natamani kuipindua meza. Papa naye, sasa na mimi nimezaa, nimeelewa woga wake, alikuwa na sisi ndani ya nyumba. Kuelewa nimeelewa. Kumsamehe bado.

Sasa kilichobaki kwangu ni ile karatasi ya kijivu. Jana nilinunua buluu ya kufulia, nikachemsha wanga, nikatafuna kijiti. Nilijiambia hizi rangi ni za kwetu, mikono ninayo, nitazirudisha. Binti yangu mkubwa akakaa karibu, akanishikia kikombe kama nilivyokuwa namshikia mama.

Fundi wa reli, kutu. Mwalimu wetu, mlango mweupe, au ulikuwa wa njano? Yule karani mwenye kitenge cha samaki, alikaa juu ya kanisa au chini yake? Niliwaacha hao. Nikasema nianze na mmoja ambaye siwezi kumkosea, niliyekula mandazi yake, niliyelala kwake mama alipokuwa anazaa. Nikachovya kijiti. Nikakileta juu ya kilima. Nukta zote zilikuwa sawa. Nikasogea kushoto, nikarudi kulia, buluu ikaanza kukaukia kwenye ncha.

"Mama," binti akasema, "si uweke popote tu."

Nilimtazama mpaka akaogopa. Hakuwa na kosa. Nikaweka kijiti chini, nikamwambia popote njo pale vijana walipomwambia Mama Mandazi aende.