Maji ya Kwenye Tovuti

Jirani yetu wa mtaa wa Mafiga alikuwa ofisa serikalini, na intaneti ilipofika mjini ilimpanda kichwani kama pombe ya bure. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka yamejaa soda za kopo na redio za bei chee, na kafe ya kwanza ya intaneti ikafunguliwa karibu na soko. Kila Jumamosi alirudi na makaratasi aliyochapisha huko, akatukusanya barazani kwake kama waumini.

Tulisikia mengi. Kondoo aliyezaliwa bila baba. Mashine inayomshinda binadamu kucheza sataranji. Serikali za Ulaya ambazo raia huzihoji kwa kubonyeza kitufe. Siku moja alitusomea, kwa sauti ya mahubiri, jinsi Wazungu wanavyopumzika bustanini na vinywaji vyenye barafu. Mkewe akapita mbele yake na ndoo kichwani, katoka mtoni, maana bomba la mtaa wetu lilikuwa limekauka tangu masika. Hakumtazama hata.

"Mwalimu," jirani aliniambia, "ninyi wa chaki mmekwisha."

"Chaki yangu haihitaji umeme, shemeji."

Alicheka kwa pua. Ndivyo alivyocheka siku zote, kwa pua.

Kisha ofisi yao ikapata tovuti, naye akapewa kuisimamia. Akaja mtoni asubuhi tukiteka maji, na kamera mkononi, amevaa viatu vya ngozi, anarukaruka juu ya mawe kama kuku aliyelowa. Akatuamuru sisi wanawake tutabasamu. Tukatabasamu, nani hukataa picha? Mama mmoja wa Kiluguru, aliyeshuka mlimani na mkungu wake wa ndizi, akaambiwa asogee pembeni kwa sababu anaharibu mandhari.

Haukupita muda mrefu, walimu wenzangu wakaniita kafe. Nikajiona kwenye kioo cha kompyuta, meno yote nje, na chini yangu maneno: "Wakazi wakifurahia huduma ya maji safi."

Nilimfuata palepale barazani kwake.

"Shemeji, yale ni maji ya mto."

"Mwalimu, dunia haioni mto. Inaona maji."

"Na sisi tunaoyanywa?"

"Ninyi nani anawaona?"

Wakubwa walimpenda. Akapandishwa cheo na kuhamishiwa Dodoma, akafanya sherehe ya kuaga, na bosi wake akaketishwa kiti cha mbele. Tulipomaliza pilau, jirani akanyoosha mikono inayong'aa mafuta, akaita maji ya kunawa. Mkewe, aliyeshinda akipanda na kushuka mtoni na ndoo tangu alfajiri, hakuinuka.

"Baba watoto, si yapo kwenye tovuti? Nenda kanawe huko."

Bosi akainamia sahani yake tupu kana kwamba ina maandishi. Mwanamke mmoja akaangua kicheko jikoni, nami nikafuata, tena bila kuziba mdomo. Mheshimiwa jirani yetu akajifuta mikono kwenye kitambaa cha meza, mbele ya wageni wake wote, kisha akatoa hotuba kuhusu maendeleo.

Simhurumii hadi leo. Mkewe alibaki Mafiga hadi watoto walipofunga shule. Nilimuuliza kama nyumba waliyopewa Dodoma ni nzuri.

"Picha zake ni nzuri," alisema, akaendelea kuchambua mchicha.