Nafasi Kati ya Salamu na Jibu

Bibi yangu alianguka shambani kwetu, upande wa Nkololo, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao. Zahanati walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanachelewa. Hilo la maneno ndilo lililoniuma. Mimi ni mwoga wa watu. Darasani nikiitwa jina tu, jasho linanitoka. Mtu pekee niliyeongea naye bila kujipanga kwanza alikuwa bibi.

Kwetu binti humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti, na hainuki mpaka ajibiwe. Kumwacha mtu magotini ni aibu ya nyumba nzima. Kwa hiyo mgeni akimsalimu bibi, "Mwadila, maama," mama yangu alidakia hapo hapo, "Mwadila, mhola duhu," kwamba ni salama tu, kabla bibi hajafungua mdomo. Alifanya hivyo kwa heshima. Hata mimi nilimjibia, nikaona nasaidia. Baada ya wiki chache bibi akaacha kujaribu. Akisalimiwa, anamtazama mama.

Shule yangu iko Bariadi mjini. Nakaa kwa shangazi, na Jumamosi narudi nyumbani. Wiki moja mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni niuroni mbili, akatuonyesha kwamba hazigusani. Pale zinapokutana pana nafasi nyembamba. Niuroni ya kwanza inamwaga kemikali, ya pili inaipokea. Pale panaitwa sinapsi. Halafu akachukua chaki ya buluu, akachora seli nyingine yenye matawi mengi, na matawi yake yakaikumbatia ile nafasi pande zote.

"Hizi ni seli za glia," alisema. "Kitabu chenu kimezipa mstari mmoja tu." Akaeleza kwamba zinailisha niuroni, tena zinafyonza kemikali iliyobaki, ujumbe mmoja usichanganyike na unaofuata.

"Sasa mwalimu, si vibarua tu hao?" akauliza mvulana wa nyuma. Darasa likacheka.

"Vibarua hao wagome siku moja, tuone kama hilo swali lako litatoka kichwani."

Mimi sikucheka. Kwenye ile chaki ya buluu nilimwona mama. Nikanyoosha mkono, na mpaka leo sijui niliunyoosha vipi. Sauti ilitoka kama ya mbu. "Mwalimu, glia inaweza kuijibia niuroni?"

Alinitazama kidogo. "Inaisaidia sana. Lakini ikiijaza ile nafasi yote, ujumbe utapita wapi?"

Jumamosi nilimkuta bibi barazani akichambua pamba kwa mkono wa kushoto, safi huku, fifi yenye uchafu kule, ingawa wale wanunuzi wapya hawakujali sana kama imechafuka. Mama alikuwa pembeni yake. Nikachukua mbegu mbili, nikaziweka karibu bila kugusana, nikazizungushia pamba.

"Mbegu hii ni bibi, hii ni mgeni," nikamwambia mama. "Hii pamba ni wewe."

"Mimi pamba! Ndiyo mnayosomeshwa huko?"

"Mayu, mama yangu, usimjibie. Kaa naye hivyo hivyo, mpe uji, mfute mdomo. Ila jibu msubirie."

"Niwaache watu magotini? Watasema nimemlaza mama mkwe njaa mpaka sauti imekauka."

"Basi anza na mimi."

Nilijua mbegu za pamba haziponyi kiharusi. Niliogopa kwamba nikikosea, bibi ataaibika mbele yetu, na mimi ndiye nitakuwa nimemwaibisha. Hata hivyo nikapiga magoti.

"Mwadila, maama."

Kuku alipita, akadonoa mbegu yangu moja, akaenda nayo. Mama akavuta pumzi ya kudakia, nikamshika goti. Changarawe zilikuwa zinanichoma. Bibi akamtazama mama, kama kawaida yake. Mama akainamisha macho kwenye pamba, akayaacha huko.

Ndipo bibi akanigeukia. Mdomo ukaenda upande.

"Mwa..." Akameza mate. "Mwadi... la."

Nikataka kuinuka, lakini alikuwa bado hajamaliza. Mkono wa kushoto ulikuwa umelifinya bonge la pamba.

"Mho... la?"

Aliniuliza mimi. Tangu aanguke alikuwa hajaniuliza kitu.

"Mhola duhu, maama," nikajibu, na machozi yakanitoka bila kuyaomba ruhusa. Mama alimfuta bibi mate kidevuni kwa ncha ya kanga, polepole, kisha akanifuta na mimi kwa ncha ile ile.

Alasiri jirani yetu alikuja kuazima ungo. Akapiga magoti, akamsalimu bibi, kisha akamgeukia mama kupokea jibu, kama walivyozoea wote.

Mama aliinua kidole.

"Tulia hapo hapo," alisema. "Linakuja."