Tunda la Kumwomba Baba Mkwe

Juzi pale Gikomba nilisimama nyuma ya mwanamume mwenye ovaroli ya kiwandani, kwa mama anayeuza asali na muratina, yale matunda makavu ya kuchachusha pombe ya asali. Alikuwa ameshika mawili, akiyanusa kwa zamu.

"Nilijaribu ya Embu, pombe ikawa chungu," alimwambia mama. "Nikajaribu ya Ukambani, ikalala tu, hata povu haikutoa. Na Jumamosi ijayo napeleka pombe ya posa."

"Ulinunua wapi?"

"Hapa kwako."

"Basi yalikuwa mapya. Tunda jipya halijui kazi, baba. Tafuta lililokwisha kupika pombe mara nyingi, likaanikwa bila kuoshwa."

"Nipe hayo basi."

"Hayo hayauzwi. Huombwa kwa mpishi mwenyewe."

Akayarudisha yale mawili polepole, akajipangusa mikono kwenye ovaroli. Mzee wake hayuko tena, alisema, na mpishi pekee anayemjua ni baba wa msichana anayetaka kumposa.

"Sasa niende kwa mkwe kuomba tunda, ili nipike pombe ya kuombea binti yake?"

Mama alikuwa ameshaanza kunipimia asali yangu, wala hakuinua macho.

"Ukishindwa kuomba tunda, binti utamwombaje?"

Nililipa, nikachukua asali yangu. Mimi nilipoenda kuposa nilipeleka kreti mbili za bia ya dukani. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na baba mkwe angali anauliza posa italetwa lini.