Majani Niliyompelekea Mama

Kila mavuno mama yangu alichanganya dawa ya unga ya kuulia wadudu kwenye mahindi kwa mikono mitupu, kanga kaifunga puani, halafu akakohoa wiki nzima. Mimi nilishahamia Morogoro mjini, nafundisha shule ya msingi, na kila niliporudi kijijini kwetu Mlali msimu huo nilimkuta macho mekundu.

Mwaka mmoja nikahudhuria mafunzo ya siku mbili ya kuhifadhi nafaka bila sumu za dukani. Walituonyesha majani ya mwarobaini: unayakausha kivulini, unayatwanga, unayachanganya na maharage makavu. Siku ya pili niliondoka kabla ya chakula cha mchana. Niliona nimeshaelewa.

Jumamosi nikaenda Mlali na ndoo ya majani yaliyotwangwa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa kakaa mlangoni anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini, ugoro?"

Mama naye akatoka ndani, nikawaeleza. Mjomba akachota kidogo, akanusa. "Kwenye maharage sawa, hata sisi tunayajua. Lakini mahindi yana dumuzi. Yule mdudu anatoboa mpaka mbao."

"Bibi alitumia majani maisha yake yote," nikasema.

Mama akajibu taratibu, "Bibi yako hakumkuta dumuzi, mwanangu. Kaja baadaye."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Badala yake nikamwambia dawa ile ndiyo inayommaliza kifua, kwamba anakula sumu na kuwalisha wenzake sumu. Niliyasema kwa sauti ya darasani. Mama alinitazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaenda kuleta magunia.

Tuliyatia majani pamoja, mahindi yote na maharage yote. Siku ile hakukohoa, nami nikarudi mjini nimejaa furaha.

Mwezi wa Januari mama akanipigia simu. Hakulalamika, aliniambia tu nije nikipata nafasi. Gunia la kwanza nililolishika lilifuka vumbi. Punje zilikuwa maganda matupu, ukizibonyeza zinakuwa unga mkononi, na ukisogeza sikio unawasikia wadudu wakitafuna. Maharage yalikuwa mazima, hata moja halijatobolewa.

Niliporudi nyumbani nikaitafuta karatasi ya mafunzo. Iliandikwa wazi: kwa dumuzi, majani peke yake hayatoshi. Mahindi yapukuchuliwe mapema, yakauke sawasawa, yafungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Hayo waliyafundisha mchana ule, mimi nikiwa njiani narudi kwangu.

Mpaka mavuno mapya mama alikula mahindi ya mjomba. Nilimtumia unga kutoka mjini, akawagawia majirani. Alisema hauna ladha. Mjomba hakunicheka hata mara moja. Afadhali angenicheka.

Msimu uliofuata nilimwahidi mama kwamba nitamletea mifuko ile, akaitikia, "Haya." Nilimwambia nitafika Jumamosi, lakini shule ilifungwa mapema, nikafika Alhamisi. Nilimkuta nyuma ya jiko, kainama juu ya turubai, kanga puani, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Aliponiona alishtuka, akaisukuma pakiti ya dawa chini ya gunia kwa mguu.

"Nilijua unakuja Jumamosi," akasema.

"Mifuko nimeleta, mama. Hii haihitaji dawa kabisa."

"Ahsante. Iweke ndani."

"Basi acha kwanza, tujaribu hata gunia moja."

Akainama tena, akaendelea kugeuza mahindi, akikohoa ndani ya kanga. Nikaiingiza mifuko ndani, kama alivyosema.

Alipomaliza alinawa, akakaa kizingitini kuvuta pumzi.

"Maharage sikuyatia dawa, nimeyawekea majani kama ulivyonionyesha," akasema bila kunitazama. "Ni ya kwako yote. Ukiondoka, uondoke nayo."