Sheria Iliyokaa Mezani kwa Mwenyekiti

Evelina Mayala alikuwa fundi cherehani katika kijiji cha Nyakasenge, kando ya ziwa, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Mkuyuni. Alikuwa pia katibu wa kamati ya maji. Ukatibu hakuuomba, walimpa kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

Mdogo wake, Jovina, alikufa mwezi wa Februari, asubuhi kweupe, akifua nguo mahali alipofulia tangu utotoni. Jana yake maji yalimfika magotini. Jioni wachimbaji walichota mchanga palepale, wakajaza malori ya kwenda kwenye ujenzi Pasiansi na Butimba, wakaacha shimo chini ya maji. Jovina alipiga hatua mbili kufuata shuka lililomponyoka, akazama. Evelina alifika akakuta shuka linaelea peke yake.

Baada ya matanga alichukua daftari, akaandika sheria ndogo: ni marufuku kuchimba mchanga ndani ya mita sitini kutoka ziwani, atakayekamatwa atatozwa faini na atafukia shimo. Mkutano mkuu wa kijiji ukaipitisha bila hata mmoja kupinga. Nestory, mtendaji wa kijiji, akaichapa, akagonga muhuri.

"Ila dada, hii bado si sheria," alimwambia. "Mpaka baraza la madiwani liipitishe. Na haiingii barazani mpaka mwenyekiti wa halmashauri aiweke kwenye ajenda."

"Akikataa?"

"Akikataa, angalau tutajua."

Mwenyekiti hakukataa. Evelina alikwenda wilayani mara saba, na kila mara alipokewa vizuri, akaagiziwa soda, akapewa pole ya msiba kana kwamba umetokea juzi. Jalada la sheria yao lilikuwa palepale mezani, chini ya mengine.

"Linafanyiwa kazi, mama," mwenyekiti alisema.

Hakuwa na lori, wala hakuna aliyewahi kumsikia akiwatetea wachimbaji. Jalada hakulifungua tu. Baraza likakaa Mei, likakaa Agosti, likakaa Novemba, na Nyakasenge haikutajwa.

Desemba wanakijiji walichoka. Walizuia lori moja ufukweni, wakamkamata dereva wake, Luhende, kesi ikafika mahakama ya mwanzo. Evelina alisimama kutoa ushahidi akiwa na nakala mkononi. Hakimu, mwanamke wa makamo, aliisoma yote mpaka mwisho.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Idhini ya halmashauri iko wapi?"

"Mheshimiwa, karatasi ziko kwa mwenyekiti tangu Machi."

"Basi hakuna sheria aliyoivunja mtu huyu."

Luhende akaachiwa. Pale nje alimpita Evelina ameinamisha macho. "Mama, mimi nimeajiriwa tu," akasema.

Machi iliyofuata shimo jingine likamchukua Paskazia, jirani yake, akiwa na mimba ya miezi sita. Siku ya tatu baada ya mazishi Evelina alikwenda wilayani, akaingia kwa mwenyekiti bila kungoja kuitwa, akakataa kiti.

"Kataa basi," alimwambia. "Andika hapana, uweke sahihi, nijue pa kwenda kulalamika."

Mwenyekiti alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Mama, mbona mimi sijakataa kitu?"

Juni baraza lilivunjwa kupisha uchaguzi. Majalada ambayo hayakujadiliwa yakarudishwa vijijini, na Nestory akamletea Evelina la kwao palepale kwenye cherehani. Karatasi zilikuwa safi, hazina hata alama ya kalamu.

"Wanasema tuanze upya," Nestory alisema. "Mkutano mkuu, muhtasari, kila kitu."

"Watu watakuja?"

"Wengine sasa wanawauzia chakula wachimbaji, dada."

Kesho yake Evelina alishuka ziwani na ndoo. Malori matatu yalikuwa yameshafika, na vijana walikuwa wamesimama majini na makoleo yao. Walipomwona wakamsalimia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, akawazunguka kwenda mbali zaidi kutafuta pa kuchotea.