Mdhamini wa Hezron

Mume wangu alipoulizwa mahakamani ana mali gani, alitaja baiskeli na redio.

Hezron huyu! Mwenye malori mawili ya kwenda Kongo na nyumba ya vigae pale Mpemba!

Nilicheka hadi hakimu akanionya. Moyoni nilikuwa nawaka.

Miaka kumi na sita ya ndoa. Lori la kwanza tulilinunua kwa kahawa ya Iyula, niliyoipalilia nikiwa na mimba ya Ipyana. Leo kapata mwingine, mimi naambiwa nibebe nguo zangu niondoke.

Wakili wake akasimama.

"Mheshimiwa, malori na nyumba viko kwenye amana ya familia tangu mwaka jana. Vinashikwa na mdhamini. Si mali ya mteja wangu."

Yaani kamwandikia mtu mwingine ashike, talaka ikifika mimi nitoke kapa.

"Naomba huyo mdhamini aitwe," nikasema.

Nje, Hezron akanifuata anatabasamu. "Mama Ipyana, chukua masufuria yale yaishe."

"Masufuria pikia wewe. Mimi nataka jasho langu."

Mdhamini mwenyewe alikuwa mama yake mzazi, Tulinagwe. Dada zangu wakasema nimejichimbia kaburi, mama gani atamwangusha mwanaye? Nikasema potelea mbali, aje.

Akaja kutoka Iyula na kitenge chake begani.

"Mama, wewe ni mdhamini?" hakimu akamuuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Hezron alileta karatasi, akasema anakopa benki, nimdhamini. Nikasaini."

"Na malori ni ya nani?"

"Ya kwao, yeye na mkewe! Mimi malori nayapeleka wapi? Nina migomba na nguruwe wawili."

Watu wakaangua kicheko. Wakili akaruka juu.

"Mheshimiwa, mama amechanganya mdhamini wa mkopo na mdhamini wa amana!"

"Hajachanganya," hakimu akasema. "Mwanaye ndiye aliyemchanganya."

Mali zote zikarudishwa kwenye mgawanyo. Nikatoka na nyumba na lori moja. Hezron hakuniangalia usoni.

Nilimsindikiza mama stendi, nikamshukuru. Nikamwambia pole kwa kudanganywa.

Akanishika mkono.

"Nani kadanganywa? Mkwe, mimi ni mdhamini wa kanisa letu mwaka wa tisa huu. Ile karatasi niliisoma yote, haikuwa ya mkopo."

Nikamvuta pembeni.

"Sasa mama, kwa nini ulisaini?"

"Ningekataa, angempelekea mwingine. Na huyo asingekuja kusema ukweli."

Akapanda gari, akaniambia nimsalimie mjukuu.

Wanawake wenzangu, mkifika mahakamani msione haya. Ulizeni kila kitu kiko kwa jina la nani, na aliyeandikwa aitwe aseme mwenyewe. Na msimhesabu mama mkwe kuwa adui kabla hajafungua kinywa.