Vigingi vya Barabara ya Sebeya

Aibu hii nilikaa nayo kimya muda mrefu, lakini kwa kuwa wote walioiona wanaisimulia vibaya, bora niisimulie mwenyewe, mi niliyejenga kwa mikono yangu (shule nilisoma miezi minane tu) nyumba ya kwanza ya mabati kando ya mto Sebeya, duka ndani yake, na veranda ya saruji inayoangalia maji.

Mwaka ule Serikali ilikuwa inashusha barabara kubwa kufuata mto mpaka ziwani. Muzungu mpimaji akaja na darubini yake ya miguu mitatu, akapanda vigingi vyenye vichwa vyekundu, na vikapita wapi? Nyuma ya nyumba yangu! Donc, yaani, wasafiri wote wa magari wangeona jiko langu, choo changu, na nguo za mama watoto kwenye kamba, na ile veranda ionwe na vyura tu. Jumapili, majirani wote wakiwa kwenye misa (sisi Waislamu tuko nyumbani), nikang'oa vigingi sita, nikavipanda upande wa mto, kimoja hatua mbili tu kutoka ngazi za veranda. Kwa macho yangu vilinyooka kabisa.

Jumatatu nikavaa kanzu nyeupe, nikaandaa chai ya kukaribisha wafanyakazi, watu kama hamsini na majembe yao. Kapita, msimamizi wao, akatazama vigingi, akatazama nyumba, akachovya brashi kwenye chokaa, akanichorea msalaba ukutani.

"Bwana Shabani, toa vitu. Nyumba iko ndani ya barabara."

"Ndani namna gani? Si barabara inaishia kwa kigingi?"

"Kigingi ni katikati, muzee. Hatua tano huku, hatua tano huku. Duka yako iko njiani."

Miaka kumi na tano ya jasho, na watu wanashika majembe! Na bado nilinyamaza, maana (wallahi nilifikiri hivyo) afadhali wabomoe kuliko niseme. Mke wangu, Mama Zuhura, akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Zuhura, sema ulichofanya jana, ama niseme mi."

Nikasema, mbele ya wote. Muzungu, aliyekuwa amefika sasa hivi, hakufoka (heri angefoka), alifungua kitabu chake, akasimamisha darubini kule mbali, akaagiza nirudishe vigingi mwenyewe. Basi mi na kanzu yangu ndani ya tope, napanda, nashuka, yeye anapunga mkono kushoto, kulia, tena kushoto kidogo, na wauza samaki wa Nyamyumba wakatua vikapu vyao ili wanisaidie.

"Kushoto, bwana mukubwa! Rudi nyuma! Eh, chunga kanzu, Idi iko karibu!"

Lakini niliposhusha kigingi cha kwanza pale aliponielekeza Muzungu, kikazama chenyewe ndani ya tundu lake la zamani. Cha pili vilevile. Vyote sita! Mtu yuko mbali hata uso wake siuoni, na anajua tundu la vidole vitatu liko wapi chini ya majani. Nywele zilinisimama.

Na hiyo ilikuwa kidogo. Masika yalipofika, barabara imekwisha kukatwa, Sebeya ikajaa, maji mekundu yanabeba miti mizima, mawe makubwa kama ng'ombe yanabingirika chini na ardhi inatetemeka mpaka ndani ya meno, na mi nimesimama kwenye veranda naona uwanja wangu wa mbele unaliwa, pale pale nilipopanda vigingi, halafu ngazi ya kwanza, halafu ya pili. Ikatulia hapo. Nyuma ya nyumba, barabara ilikuwa kavu, malori yanapita. Yule mpimaji aliutazama mto wiki tatu tu. Mi nimeoga humo miaka kumi na tano na sikujua unataka kupita wapi.

Nyumba bado iko, alhamdulillahi. Nimeapa kitu cha Serikali sigusi tena, na kabla sijajifanya najua, nauliza kwanza. Hata Mama Zuhura namuuliza. Yeye hasa.